Ndege ya Kura

Khairiya alikuwa anachambua mchele kwenye sinia wakati Irshad alipotoka bafuni, taulo shingoni, akasema kesho kutwa anakwenda India kupiga kura.

"Unakwenda kumpigia nani?" mama yake aliuliza bila kuinua macho.

"Mwavuli."

"Nakuuliza mtu, naambiwa mwavuli."

"Ndiyo alama yake, Mama. Mtu mwenyewe simjui. Ikka kasema mashine nyeupe, mwavuli, khalas."

Ikka, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya Kerala, ndivyo walivyomwita Bwana Saidalavi, mwenye duka la kufunga mizigo kule Naif, Dubai. Rafiq, mumewe Khairiya, alikuwa akifunga makasha katika duka hilo tangu ndevu zake nyeusi. Mizigo ilikwenda Unguja, Mombasa na Dar, na kwa hao wateja ndiko alikookota Kiswahili. Khairiya naye alimpata humo humo, alipokuja na mama yake mdogo kutoka Unguja kununua mapazia. Basi nyumba yao ya Karama, chumba kimoja na ukumbi, ilisema Kiswahili. Irshad Kimalayalam, lugha hiyo ya Kerala kwao baba yake, alikisikia tu na kukisema kwa kukwama. Kukisoma hakuweza kabisa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa umekatwa kwa mbao, na nyuma ya mbao alipanga Teresiah, Mkenya wa Nakuru aliyefanya kazi saluni. Mbao hizo hazikuzuia neno.

"Irshad," Teresiah aliita kutoka upande wake, "mimi kwetu nilipewa karatasi sita za kura, na kila moja nilijua nampatia nani. Wewe unapanda ndege nzima uende upigie mwavuli? Na hii Dubai hata mvua hainyeshi."

"Ndege ni ya bure, Da Teresiah. Chama cha watu wetu wamekodi, wanajaza vijana wa kupiga kura. Chakula juu."

"Ya bure. Sawa. Usisahau kuleta sahani."

Khairiya hakucheka. Viza ya Irshad, ile ya kukaa chini ya baba yake, ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi. Masomo ameshamaliza, na mtoto wa kiume akishamaliza masomo hawezi tena kuwekwa chini ya baba. Atafute kazi au aondoke. Saidalavi alikuwa na ofisi nyingine Airport Freezone, ya kupokea na kupeleka mizigo, na humo palikuwa na nafasi ya kazi. Pasi ya Irshad alikuwa ameishika wiki nzima, na alipomrudishia kwa ajili ya safari alimwambia, "Rudi na wino kidoleni, nipeleke karatasi zako za viza."

"Baba Irshad," Khairiya alimgeukia mumewe, "huyo mwenye mwavuli ni nani?"

Rafiq alikuwa anabandua gundi ya makasha vidoleni, utandu mmoja mmoja, kama mtu anayemenya kitunguu. "Mke wa mdogo wake Ikka. Kiti cha kata mwaka huu ni cha wanawake."

"Na wanaoshindana naye?"

"Wapo."

"Wapo akina nani?"

Rafiq akainuka kwenda kufunga bomba la jikoni, ambalo halikuwa likivuja. Kwa miezi miwili sasa dada yake alipopiga simu kutoka Kerala, alichukua kandambili zake akaenda kuongelea kwenye ngazi. Khairiya alidhani ni habari za kisima, maana kisima cha nyumbani kwao kilikuwa kinakauka. Hakuuliza zaidi. Usiku huo alifungua kabati akatoa doti moja ya kanga mpya, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya wifi yake.

"Mpelekee ammayi wako," alimwambia Irshad. Ammayi ndivyo alivyofundishwa kumwita shangazi yake tangu mdogo, na jina jingine hakulijua.

"Asiende kwa Ammayi," Rafiq alisema kutoka jikoni. "Muda hautatosha."

"Mtu afike mlangoni kwenu asimwamkie dada yako?"

"Nimesema muda hautatosha."

Khairiya aliuchomeka mfuko chini kabisa ya begi la mwanawe.

Ndani ya ndege kila mtu alipewa kitambaa cha mkononi chenye mwavuli. Vijana waliimba, wakapiga meza za mbele yao mpaka mhudumu akaja na uso wa kuchoka. Irshad alikaa na mtu mmoja mnene wa duka la simu, aliyekula biriani yake na nusu ya Irshad.

"Huyu mama wa mwavuli," Irshad alimuuliza, "akishinda atafanya nini?"

"Atashinda," alisema yule mtu.

"Nauliza akishashinda."

Yule mtu alimtazama kwa huruma kidogo, kama anayemtazama mgonjwa. "Wewe mtoto wa Rafiq, sivyo? Kula."

Walitua Kalikuti, mji wa Kerala, bado giza. Basi la chama liliwasubiri, mapazia yameshushwa, na Irshad akalala njia nzima kichwa kikigonga kioo. Alipozinduka walikuwa kwenye uwanja wa shule, foleni mbili, ya wanaume na ya wanawake. Hewa ilikuwa na unyevu na harufu ya majani yaliyolowa. Mbele yake wazee walijadiliana kwa sauti za chini, mmoja akisema hiki na mwingine akikataa, na Irshad aliona kwamba watu hawa walikuwa wanajua jambo. Alitamani kuwauliza. Lakini aliona haya kuuliza kwa Kimalayalam chake cha kitoto, naye yuko kwenye foleni tayari, na pasi mkononi.

Mwalimu mmoja wa kike alitazama pasi, akatafuta jina, akampaka wino kwenye kucha ya kidole cha shahada. Nyuma ya boksi la kadibodi palikuwa na mashine tatu: nyeupe, ya waridi na ya buluu. Za mwisho mbili hakuna aliyemweleza ni za nini.

Kwenye ile nyeupe palikuwa na majina matatu kwa herufi zilizoviringana kama bangili, na kila jina na picha yake ndogo. Mwavuli. Feni. Birika. Alilitazama birika akatabasamu, maana lilifanana na la mama yake, hata mdomo umepinda vile vile. Akabonyeza mwavuli. Taa nyekundu ikawaka, mashine ikalia mlio mrefu. Ile ya waridi alibonyeza alama ya pili, na ya buluu alibonyeza iliyokuwa karibu na kidole gumba. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchagua soda.

Nje, mtu wa chama alimwekea alama kwenye karatasi yake akamwambia basi litaondoka alasiri.

Nyumba ya Ammayi haikuwa mbali. Irshad aliikumbuka kwa ngazi zake tatu na mti wa mdalasini, ingawa alikuwa mtoto wa darasa la pili alipokuja mara ya mwisho. Sasa mti ulikuwa na vumbi jeupe kama uliopakwa unga. Ukuta wa mbele ulikuwa na ufa kutoka dirishani mpaka chini, umezibwa kwa saruji, ukapasuka tena pembeni ya saruji. Na juu ya ufa palibandikwa karatasi kubwa: picha ya mwanamke wa makamo mwenye mtandio, na chini ya picha, birika.

Alisimama pale na mfuko wa kanga.

"Nani huyo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Irshad. Wa Dubai."

Mwanamke alitoka na mikono ya sabuni. Alikuwa ndiye yule wa kwenye picha, isipokuwa kwenye picha hakuwa mchovu. Alimshika mashavu kwa mikono ile ile iliyolowa.

"Ammayi," Irshad alisema, akaonyesha ukutani, "huyu ni wewe?"

"Kwani uzee umenigeuza kiasi hicho?"

"Hapana. Hapana, Ammayi. Ila... ulikuwa kwenye mashine?"

"Kulusumu binti Kunjali, jina zima. Baadhi ya majirani wenyewe wamelijua mwaka huu." Akacheka, kisha akaushika mkono wake wa kushoto akaona wino. Akainama akaibusu ile kucha, akaiweka kwenye paji lake la uso.

"Watu wamenitisha," alisema. "Wananiambia, Saidalavi ameleta ndege nzima. Na huyo mwanao wa kwa kaka yako yumo humo. Nikawaambia aje tu. Ale tiketi yao, biriani yao, kura ni siri."

Irshad alifungua mdomo. Maneno yaliyokuja yote yalikuwa ya Kiswahili, akayameza.

Alipikiwa wali na samaki, akakaa akila huku Ammayi akisimama mlangoni na kumweleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei za sokoni. Kilima cha nyuma kilikuwa kinachimbwa mawe. Machimbo ni ya mdogo wake Saidalavi. Wakilipua, vyombo vinaruka kabatini. Kamba ya kisima ameiunga mara mbili na bado ndoo inarudi na tope. Sasa wanaomba kibali cha kusogea mpaka kwenye ua wake, na kibali kinapita kwa baraza la kata; ndipo wakamsimamisha mke wa mwenye machimbo. Majirani walimsukuma Kulusumu asimame, kwa kuwa yeye ni mjane, hana mume wa kutishwa kazini.

"Baba hakuniambia," Irshad alisema.

"Nilimwambia mimi. Miezi miwili namwambia." Alimwongeza wali. "Baba yako anakula kwa Saidalavi. Simlaumu. Ila alikuleta, na hilo limetosha."

Alipoondoka, Ammayi alikuwa amejitanda kanga moja kati ya zile mbili, akisimama ngazini, akiwaonyesha wapita njia.

Matokeo yalitoka Jumamosi. Irshad alikuwa amesharudi Karama, amelala chini ya feni bila kulala, na Khairiya alikuwa amemsugua kucha kwa ndimu na chumvi mpaka ngozi ikawa nyekundu, wino usitoke. "Hii rangi gani hii," alilalamika. "Hata kwa josho la maiti haitoki."

Rafiq aliingia saa si yake, mchana, bado amevaa aproni ya duka. Alikaa kitini na viatu vyake.

"Kulusumu kashinda," alisema.

"Wifi? Kashinda nini?" Khairiya aliuliza.

Ndipo akaambiwa yote, na mumewe, kwa sentensi fupi fupi. Kwamba dada yake aligombea. Kwamba ameshinda kwa kura chache mno. Kwamba mara tu alipotangazwa mshindi alishika kipaza sauti mbele ya watu akasema hata mtoto wa kaka yake alipanda ndege yao na bado akampigia yeye. Mtu akarekodi. Ile sauti imefika Naif kwenye simu ya kila mtu, na Ikka ameisikiliza mara tatu mbele ya wateja, kwa sauti ya juu, Rafiq akiwa ameshika utepe wa kufungia.

"Anamtaka Irshad ofisini. Leo. Pasi aje nayo."

Nyuma ya mbao redio ya Teresiah ilizimwa.

Irshad aliinuka kitako. "Ulijua jina la Ammayi liko kwenye ile mashine."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambia ungekwenda? Usingekwenda. Na viza?" Rafiq alivua kiatu kimoja, akakishika. "Nilisema moyoni, akienda hajui, basi kosa ni langu peke yangu. Yeye atakuwa ametumwa tu."

"Mimi si barua, Baba."

Khairiya alikuwa ameshika nusu ya ndimu. "Hebu niambieni kitu kimoja. Mwanangu, ulibonyeza kipi?"

"Mwavuli."

Kutoka chini barabarani ikasikika teksi ikipiga honi, ikapiga tena.

"Basi mambo rahisi," Rafiq alisema, sauti yake ikapanda kwa matumaini ya haraka haraka, yasiyopendeza. "Ndiyo ukweli wenyewe. Mwambie Ikka. Mtazame usoni, useme nilibonyeza mwavuli. Anawajua waongo, atakuamini. Kulusumu hatasikia, na kiti ameshapata. Nani anaumia?"

Teresiah alipiga mbao kidogo kwa kucha, akasema, "Samahani, sikusikia kitu. Lakini kama ningekuwa nimesikia, ningesema mtoto apewe maji kwanza."

Ofisi ya Saidalavi ilikuwa ghorofani juu ya duka, na kila aliyekwenda huko alipita kwanza kati ya makasha, mbele ya vijana wote. Siku hiyo palikuwa na mteja wa Pemba anahesabu magodoro, naye aliacha kuhesabu. Mmoja wa wafungaji aliimba polepole, "Birika, birika," wengine wakacheka wakitazama chini. Rafiq alipita kama hakusikia. Irshad aliona shingo ya baba yake nyuma, mikunjo yake, na utepe mdogo wa gundi umenasa kwenye kola.

Saidalavi hakuwa mtu wa kufoka. Aliwakaribisha, akaagiza chai tatu, akaipokea pasi ya Irshad akaiweka juu ya fomu zilizokwisha jazwa. Fomu ya juu ilikuwa na picha ya Irshad. Alikuwa amechana nywele vizuri siku alipopigwa picha.

"Sitaki kiapo," alisema kwa Kimalayalam, polepole ili kijana aelewe. "Kuapisha watoto si tabia yangu. Nilikulipia kwenda na kurudi. Baba yako amekaa kwangu miaka yote hii, mikono yake naijua kuliko ya ndugu zangu. Yule shangazi yako amesema maneno, na mwanamke akishinda husema maneno. Nataka nisikie kwako tu. Ulibonyeza nini?"

Chai ililetwa. Rafiq alikuwa amesimama karibu na mlango, ingawa alipewa kiti. Alimtazama mwanawe na kutikisa kichwa kidogo, kama anayemwashiria dereva arudi nyuma, njia iko wazi.

Neno lilikuwa fupi na lilikuwa la kweli. Irshad alilisikia likiwa tayari mdomoni. Akamwona Ammayi ameinama juu ya kucha yake.

"Birika," alisema.

Saidalavi alinywa funda moja la chai. "Kwa nini?"

"Kisima kimekauka, Ikka. Nilikiona."

"Ulikiona kabla ya kupiga kura au baada?"

Lilikuwa swali la mfanyabiashara, na Irshad hakulitegemea. Mlangoni, kiatu cha baba yake kilikwaruza sakafu.

"Kabla," Rafiq alisema.

Saidalavi alimgeukia. "Wewe hujaulizwa."

"Kabla, Ikka. Alitangulia kwa dada yangu, ndipo akaenda kupiga. Mimi nilimtuma." Rafiq aliacha mlango, akasogea mezani. "Mama yake alimpa kanga za kupeleka."

Kisha Saidalavi alichomoa fomu yenye picha, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo. Pasi aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja.

"Wewe utabaki," alimwambia Rafiq. "Mzigo wa Mombasa unataka kutoka kesho na hawa watoto hawajui kufunga vyombo vya udongo. Lakini ghorofani kwangu usipande tena. Shida yako mwambie karani." Akamtazama Irshad. "Na wewe, kijana, maliza chai yako. Yalla."

Irshad aliimaliza. Ilikuwa tamu mno.

Khairiya hakulia mbele yao. Alitandika mkeka, akapakua, akamwita Teresiah aje kula nao, jambo asilozoea kulifanya siku za kazi. Teresiah alikuja na soda kubwa na vikombe vya plastiki.

"Kwa hiyo kule nyumbani umepigia mwavuli," alisema, "na hapa Naif umepigia birika. Hata kwetu hatujawahi kupata hii."

"Teresiah," Khairiya alisema.

"Sijasema ni vibaya, Mama Irshad. Nasema hatujawahi kupata."

Simu ya Rafiq iliita wakiwa wanakula. Jina lilipotokea kwenye kioo, Khairiya alisogeza miguu yake ampishe apite kwenda kwenye ngazi. Rafiq alitazama kandambili zake mlangoni. Kisha akaiweka simu katikati ya mkeka, kando ya sinia, akafungua spika.

Sauti ya Kulusumu ilijaa chumbani, kubwa, na nyuma yake watu wanacheka. Alimwamkia kila mtu, hata Teresiah asiyemwelewa. Halafu akapunguza sauti. Alisema amesikia Saidalavi amekasirika; watu wanamwambia amemponza kijana wa watu kwa mdomo wake. Tena wapo wanaosema yule mtoto alipiga mwavuli kama wenzake. "Niambie wewe, kaka. Alinipigia?"

Irshad alinyoosha mkono kuichukua simu. Baba yake akauzuia mkono ule, si kwa nguvu, akaushika tu kwenye kifundo.

"Alikupigia," alisema Rafiq. "Mbele yangu."

"Kura haipigwi mbele ya mtu, we Rafiq."

"Hii ilipigwa mbele yangu."

Kulusumu alicheka akidhani ni mzaha. Rafiq akamwambia viza ya kijana inakwisha, na wiki ijayo atampandisha ndege, ya kulipia safari hii. Je, ana pa kumlaza?

"Nyumba ya baba yake unaniombea mimi?"

Irshad aliinama karibu na simu. "Ammayi. Nikifika nitakuwa na neno la kukwambia."

"Sema sasa."

"Si la simu."

Kisha Ammayi akashusha pumzi. "Haya. Utaniambia tukiteka maji, kamba ni ndefu siku hizi, nafasi ya kusema itakuwapo. Na uniletee birika kutoka huko. Hili langu wamelizungusha kata nzima kwenye kampeni, wakalitoboa."

Khairiya alikuwa ameshajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaivuta simu upande wake.

"Wifi," aliuliza, "kubwa au dogo?"